Dawa karibu na nyumbani au kule wasikokujua? Ulinganisho kwa anayeanza kliniki Moshi

Ukishapokea majibu kwamba una virusi vya UKIMWI, machozi yakikauka kidogo, nesi atakuuliza swali linaloonekana dogo: "Utachukulia dawa hapa hapa, au tukuandikie uhamisho?" Wengi hujibu papo hapo, na jibu huwa ni popote palipo mbali. Mtu wa Pasua anataka Arusha. Wa Ngarenaro kule Arusha anataka Moshi. Wa Marangu anashuka mjini, na wa mjini anapanda Kibosho. Asubuhi kwenye Coaster tunapishana pale Bomang'ombe, kila mmoja anakimbilia alikotoka mwenzake.

Namwandikia aliyeulizwa swali hilo wiki hii. Nimechukulia dawa pande zote mbili, na siku hizi nakaa na wapya kama mwelimishaji rika. Nina upande ninaoupendelea na sitauficha, ila nitakwambia pia ni wakati gani upande wa pili ndio sahihi.

Kwanza jua unamkimbia nani

Mimi nilipimwa 2014 nikiwa mjamzito. Utaratibu ulioanza nchini 2013 ulikuwa kwamba mjamzito akikutwa na virusi anaanzishwa dawa mara moja na anaendelea nazo maisha yake yote. Dawa nilipewa kliniki ya mama na mtoto. Nilikaa na wenzangu wenye matumbo, tukasubiri foleni moja, na mtoto alipozaliwa akaning'inizwa kwenye mzani ule ule wa watoto wote. Hakuna aliyejua lolote, na wazo la kuhama halikuwahi kunijia.

Mwaka 2016 mwanangu alimaliza vipimo vyake, akaonekana hana maambukizi. Nikaambiwa sasa nihamie CTC, kliniki ya matunzo na dawa kwa wenye virusi. Ilikuwa hatua hamsini tu kutoka pale nilipozoea: jengo dogo lenye mlango wake, na nje benchi refu linalotazama njia ya maabara. Kila anayekwenda kupima malaria anapita mbele ya walioketi hapo. Siku ya kwanza nilijifunika mtandio hadi kwenye nyusi, mwezi wa Februari, na jua la Moshi unalijua. Akapita mama mmoja mteja wangu wa nguo. Hakuniona, au alijifanya hakuniona. Mwezi uliofuata nikaomba uhamisho wa Arusha.

Tazama vizuri kilichotokea hapo. Dawa ilikuwa ile ile, manesi walikuwa watu wema, hospitali haikubadilika. Nililikimbia benchi. Ningejiuliza hilo siku ile, ningeokoa miaka mitatu.

Kwa hiyo kabla hujajibu swali la nesi, jiulize unamkwepa nani hasa. Kama ni macho ya wapita njia, hilo lina njia zake hata hapa mjini, nitazitaja. Kama ni mtu mmoja unayemjua anayefanya kazi kwenye kituo, mathalani wifi yako ndiye karani wa mafaili, hilo ni jambo jingine na uhamisho ni haki yako. Kama ni mwenza wako, umbali peke yake haukusaidii, maana kopo la dawa linalala nyumbani kwako kila usiku.

Mbali: ulichokinunua na unachokilipia

Nianze na faida, kwa sababu ipo. Safari ya kwanza Arusha nilipumua. Nilikaa benchini kichwa kiko wazi, nikaongea na watu, nikacheka. Kwa mtu aliyepokea majibu jana, hewa hiyo si kitu kidogo. Nimewaona watu ambao bila kupelekwa mbali wasingeanza dawa kabisa.

Sasa gharama. Moshi hadi Arusha ni kilomita 80 hivi. Nauli unaijua. Kuna siku nzima isiyo na mauzo, na kwa sisi tunaokula tulichouza leo, hiyo ni nauli ya pili. Lakini kilichonichosha zaidi ni uongo. Kila safari ilitaka sababu. Nilisema nafuata mzigo wa mitumba, basi ikabidi nirudi na mzigo kweli, hata mwezi ambao sikuhitaji. Nilinunua nguo zisizotoka ili maneno yangu yafanane na mikono yangu. Kisha kuna kopo lenyewe. Vidonge vinalia kama manyanga kila Coaster inapopita tuta. Nilijifunza kubandua karatasi yenye jina la dawa na kujaza pamba ndani ya kopo mpaka linyamaze. Wengine huvimwaga kwenye mfuko wa plastiki. Hilo usifanye, unyevu unaviharibu. Pamba angalau inaacha dawa ndani ya kopo lake.

Halafu ikaja Desemba ya 2018. Wewe ni mtu wa Kilimanjaro, unajua Desemba. Tulipanda Machame kwa wakwe, nyumba ina watu kumi na saba, magodoro hadi sebuleni. Tarehe yangu ya kliniki ilikuwa 21, na vidonge vilikuwa vinaisha siku hiyo hiyo. Asubuhi nimeshavaa, mama mkwe akanishika mkono mlangoni: "Mama Baraka, Arusha kuna nini leo? Kesho mbuzi anachinjwa, wageni wako hapa, unaniachia nani?" Sikuwa na jibu. Nikavua viatu. Nilikuja kuondoka tarehe 30.

Siku tisa bila dawa. Na sitadanganya kwamba zilikuwa tisa hizo tu katika miaka mitatu. Kipimo cha wingi wa virusi kilichofuata kilirudi na nakala zaidi ya 4,000, mimi niliyekuwa nimefubaza, yaani dawa imevishusha sana virusi, tangu ujauzito. Nilipangiwa ushauri wa ziada, nikapimwa tena baada ya miezi mitatu, vikashuka. Nilibahatika. Virusi vikizoea kukuta dawa haba mwilini vinaweza kujenga usugu, na hapo unatafutiwa dawa nyingine.

Kuna kitu kingine ambacho kituo cha mbali hakiwezi kukupa: mtu wa kukufuata. Ukikosa tarehe, kituo cha karibu kinaweza kumtuma mhudumu wa jamii aulize kulikoni. Arusha walinipigia simu mara moja, simu ilikuwa imezimwa, wakaishia hapo. Wangefanya nini? Wangekuja Machame?

Karibu: unachokipata, na namna ya kulipita benchi

Karibu unalipa kwa macho ya watu. Sitasema ni kidogo. Kwenye mtaa wetu habari inatoka kliniki na kufika Mbuyuni kabla wewe hujafika. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inamfunga mtoa huduma kutunza siri yako na inakataza kukubagua kwa sababu ya hali yako, na mtumishi akitoa siri unayo haki ya kumlalamikia. Lakini sheria haimzibi mdomo jirani aliyeketi foleni ya malaria.

Hivyo usikubali karibu kama ilivyo. Iulizie. Mwulize nesi: siku zipi hazina watu? Mnafungua saa ngapi asubuhi? Kuna Jumamosi? Naweza kusubiri kwingine, niitwe kwa simu? Na muhimu kuliko yote: nikishatulia, mtanipa dawa za miezi mingapi? Enzi zangu ilikuwa mwezi mmoja mmoja. Leo aliyetulia, mwenye virusi vilivyofubaa, anaweza kupewa za miezi mitatu hadi sita. Fanya hesabu: kutoka benchi mara kumi na mbili kwa mwaka hadi mara mbili au nne. Kwangu, hilo peke yake limeondoa nusu ya sababu za kukimbilia mbali.

Wako pia wanaochukuliana kwa zamu, watu kadhaa wa eneo moja wanaoaminiana, mmoja anakwenda kuwachukulia wenzake. Ni nzuri kwa walioko huku migombani juu, ambako gari ni shida wakati wa masika. Ila chagua wenzako kwa makini kuliko unavyochagua watu wa kikoba.

Kisha kuna njia ya tatu ambayo watu wanaisahau: hospitali kubwa ya hapa hapa. Ukionekana kituo kidogo siku ya CTC, umeonekana. Ukionekana KCMC, nani atajua umefuata nini? Watu wanatoka mikoa mingi kufuata macho, ngozi, mifupa, na kumwona mgonjwa. Mawenzi nayo iko katikati ya mji, kila mtu ana sababu ya kuwapo. Ubaya wake ni foleni, na kule kwenye umati ni rahisi kuwa faili tu, usikae na mtu anayekujua kwa jina. Kwa anayetaka kufichika kidogo bila kuhama mji, naipa alama nyingi.

Basi nani aende mbali?

Mwenye ndugu au jirani ndani ya kituo, akiwa hamwamini. Mwenye kazi ya kusafiri, dereva au mpagazi wa mlimani, ambaye kituo cha mbali kiko njiani kwake kweli. Anayeishi na mtu mwepesi wa kupiga, akiwa bado anajipanga na mshauri. Na yule ambaye, ukimwambia ni hapa au basi, atasema basi. Huyo aende Arusha hata leo. Dawa iliyo mbali ni bora kuliko kukaa bila dawa. Ninachomwomba ni apange tarehe ya kurudi, mathalani baada ya kipimo cha kwanza cha wingi wa virusi, ambacho hufanyika miezi sita tangu kuanza. Miezi sita moyo unakuwa umetulia na akili inaona vizuri zaidi. Mimi sikupanga, nikajikuta miaka mitatu.

Wengine wote, mkae karibu. Nalisema kwa moyo wangu wote. Kidonge chenyewe siku hizi ni kimoja kwa siku na kinavumilika. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wenye virusi, karibu 83 ndio waliojua hali zao. Kati ya kila 100 wanaojua, karibu 98 walikuwa kwenye dawa, na kati ya kila 100 walio kwenye dawa, 94 walikuwa wamefubaza. Dawa zinafanya kazi yake. Pengo kubwa liko mwanzoni, kwa wasiopima, na sehemu kubwa ya kutopima ni hofu ile ile ya kuonekana. Kama unaye mtu wa namna hiyo nyumbani, tangu 2019 sheria inaruhusu kujipima mwenyewe, na mwenye miaka 15 anaweza kupima bila idhini ya mzazi. Kijiti cha kujipimia, kinachopitishwa kwenye fizi, akitumie chumbani mlango umefungwa. Faida ni faragha. Hasara ni kwamba majibu akiyapata peke yake hana bega la kuegemea, kwa hiyo wewe kaa sebuleni. Kikionyesha maambukizi lazima athibitishe kituoni.

Umwambie nani kwanza, mwenza au ndugu?

Hapa kulinganisha ni kugumu, maana sheria ile ile inakutaka umjulishe mwenza wako. Kwa hiyo swali linabaki kuwa nani aanze na nani afuate.

Mwenza kwanza ina faida ya wazi: apime, ajikinge au naye aanze dawa, na ninyi wawili mpunguze kujificha ndani ya chumba kimoja. Mimi nilimwambia mume wangu mbele ya mshauri. Akapima, hana. Hakuondoka. Lakini alisema, "Basi iwe siri yetu sisi wawili," na hapo ndipo ulipoanza mzigo wa kubeba pamba kwenye kopo. Siri ya watu wawili, mmoja wao akiwa barabarani wiki tatu kwa mwezi, ni siri ya mtu mmoja.

Ndugu kwanza inakufaa kama unahofia kupigwa au kufukuzwa. Mwambie mshauri hofu hiyo wazi. Anaweza kuwaita wote wawili kupima kama wanandoa, majibu yakatolewa kana kwamba wote mnaanza upya, na wewe hubebi maneno peke yako.

Mimi dada yangu mkubwa nilimwambia Januari 2019, baada ya yale majibu ya 4,000. Alikuwa anamenya ndizi za mtori. Nilisema yote, yeye akaendelea kumenya. Ndizi moja, ya pili, ya tatu, maganda yanaanguka kwenye beseni. Nilidhani amekasirika. Kisha akauliza bila kuinua uso, "Unakunywa saa ngapi?" Nikasema saa tatu usiku. Tangu siku hiyo, saa tatu usiku simu yangu inabipu mara moja na kukatika. Hajawahi kukosa, hata siku ya msiba wa shangazi. Wakikuandikisha kliniki watakuuliza jina la mtu wa kukusaidia na dawa. Tafuta mtu wa namna hiyo. Wengi huandika jina la uongo, nami niliandika.

Mwenza asiye na virusi naye ana cha kuchagua, na niseme kwa kifupi. Ukiwa unameza dawa vizuri na kipimo kinaonyesha virusi havionekani, humwambukizi kwa ngono. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliofuatilia wenza wa aina hiyo wasiotumia kondomu ulitoa matokeo yake ya mwisho 2019, na hakukutwa hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake aliyefubaza. Shirika la Afya Duniani lilisema hivyo hivyo 2023. Kabla hujafika hapo, kondomu, na kwake PrEP, dawa ya kujikinga asiambukizwe. Na kama kuna ajali, mathalani kondomu ikipasuka, dawa ya dharura ya kumkinga lazima ianze ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora. Kwa anayenyonyesha, dawa inapunguza hatari sana lakini haifiki sifuri, kwa hiyo fuata vipimo vya mtoto hadi mwisho.

Mshauri peke yake au kikundi?

Mshauri anakupa mlango uliofungwa. Unaweza kusema mambo ya kitandani, ya hasira, ya kutaka kufa. Kama huli, hulali, umeacha kuoga, au wazo la kujimaliza linakujia, anza na yeye leo hii, usisubiri tarehe ya kliniki. Sonona inawapata wengi wetu, na ndiyo inayowafanya watu waache dawa huku wenzao wakidhani ni wavivu. Kuna waliosumbuliwa na dawa yenyewe: kidonge cha zamani chenye efavirenzi kilileta ndoto mbaya usiku. Tangu 2019 tulihamishiwa chenye dolutegravir. Nacho kikikunyima usingizi, mwambie daktari, unaweza kukimeza asubuhi.

Kikundi kinakupa kitu ambacho mshauri hana: mtu aliyepita hapo na anauza nyanya kama kawaida. Moshi tuna historia ya kujivunia katika hili. KIWAKKUKI, kikundi cha wanawake Kilimanjaro kupambana na UKIMWI, kilianza 1990, wakati dawa hazipo na kilichobaki kilikuwa kwenda nyumbani kwa mgonjwa, kumwogesha na kukaa naye. Dawa za bure zilikuja nchini 2004. Hao mama walitangulia miaka kumi na minne, mikono mitupu. Nikiwakumbuka huwa nanyamaza.

Hasara ya kikundi ni ile ile ya benchi: watu wanajua. Na kuna vikundi vya kunyoosheana vidole, nani kanenepa, nani kaolewa. Kaa mara mbili, ukiona hivyo ondoka.

Zimbabwe wamefanya kitu kinachosimama katikati ya haya mawili. Tangu 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi wa kawaida kukaa kwenye benchi la mbao katika uwanja wa kliniki na kumsikiliza mtu mmoja kwa wakati, tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa 2016 ulikuta dalili za sonona zimepungua kwa waliokaa na mabibi hao kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Nilipoisikia habari hiyo nililia. Kwao benchi ni mahali pa kuponea.

Chaguo langu: mshauri miezi mitatu ya mwanzo, kikundi baadaye, ukiwa na nguvu ya kuvumilia macho.

Na maombi? Watu huniuliza kama wachague. 2011 maelfu walipita Arusha kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na wako walioacha ARV, hizi dawa zetu za virusi, wakiamini wamepona. Sitawacheka kamwe, mtu aliyechoka kuogopa atakwenda popote palipo na tumaini. Omba, nami naomba. Kidonge kimeze saa ile ile unayoomba.

Kama uko mbali tayari na unataka kurudi

Usikatishe kimya kimya ukaja Moshi kupima kama mtu mpya. Wengi wanafanya hivyo kwa aibu, na matokeo yake kule unahesabika mtoro, huku wanakuanza bila kujua ulikunywa nini na kwa muda gani. Nenda kituo chako cha sasa, omba barua ya uhamisho, na uombe dawa za kutosha kuvuka kipindi hicho. Chukua kadi yako na majibu ya mwisho ya wingi wa virusi. Piga simu huku, uliza siku isiyo na watu wengi. Kama tarehe yako inaangukia Desemba, isogeze iwe Novemba.